Fundi Anamtengenezea Nani?

Mzee aliingia dukani akiongozwa na mjukuu wake, mtoto bado yuko na sare za shule. Akafika kwenye kaunta, akapapasa ukingo wake, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa ndani ya leso. Alikifungua bila haraka na kukiweka mbele yangu. Ilikuwa geti valvu ya nusu inchi, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hebu shika hiki uniambie, ni kipya?"

Niliigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Chini ya rangi kulikuwa na kutu. Meno ya kufungia yalikuwa yamelika upande mmoja, na katikati yake yamenasa masalia ya uzi wa katani, magumu, ya kazi ya miaka iliyopita. Nilipozungusha kishikio kilienda tu, hakikazi mwanzo wala mwisho.

"Hapana babu. Hii ilishatumika. Imepakwa rangi."

Akatingisha kichwa polepole. Macho yake yaliondoka na presha ya macho zamani, mjukuu alikuwa mchanga. Akanyoosha mikono, akaichukua, akapitisha kidole gumba kwenye yale meno.

"Nilijua. Kipya hakikwaruzi hivi. Nikamwambia binti yangu, naye ndiye aliyelipa. Akasema, baba, fundi amenitumia picha, ni kipya kabisa."

Nimeuza vifaa vya bomba hapa Mwanza miaka mingi. Nimeona kazi mbovu za kila aina zikirudi dukani ndani ya mifuko ya plastiki. Lakini hii ilinikaa wiki baada ya wiki, nikawa nalala nayo na kuamka nayo, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli, na aliyeaminiwa ni picha.

## Mabatini, juu ya mawe

Jumapili nilipanda kwenda kwake. Mwenyewe ndiye aliyeniomba: "Njoo uone kwa niaba yangu."

Anayeishi kwenye vilima vyetu anajua mabomba yanavyopita. Hayafukiwi, maana hakuna pa kuchimba. La mzee linatoka kwenye mita chini ya ngazi za mawe, linaambaa na ukuta wa jirani, linaingia bafuni. Ni plastiki iliyokaa juani mpaka imekakamaa. Ukiigonga kwa ukucha unasikia kwamba haina maisha marefu. Mahali pa kuungia, pale palipotakiwa soketi na gundi, fundi alizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, akavuta, akapiga fundo, kisha akafunika kwa saruji. Saruji yenyewe ameilainisha kwa mwiko, imekaa vizuri kabisa. Mpita njia ataona kiungo kilichojengewa. Weka kiganja chini yake, kinalowa.

Bafuni, pale ilipokuwa ile valvu, kijana wa jirani alikuwa ameweka kizibo ili mzee apate usingizi.

Mlangoni mwa bafu kulitandikwa gunia. Nilidhani ni la kufutia miguu. Mzee akanieleza kwamba gunia ndilo linalompa habari: akilikanyaga limelowa, anajua maji yametoka usiku, anarudi kufuata fimbo yake. Hilo alilibuni baada ya kuteleza na kuangukia nyonga. Alinyanyuka akanionyesha anavyotembea sasa, akiburuza mguu wa kulia, bila kulalamika, akinionyesha tu kama mtu anayetoa ushahidi.

Tukafunga koki zote za nyumba. Nikamtuma mjukuu akaangalie kwenye mita kile kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yanapopita.

"Kinazunguka!" alipaza sauti kutoka chini.

Nikakinga kopo la lita moja chini ya ile saruji. Lilijaa kwa muda wa kama dakika moja.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyonikasirisha kuliko ile rangi ya fedha. Siku ina dakika 1,440. Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 43,200. Uniti moja ni lita 1,000. Hizo ni uniti 43 za maji ambayo hakuna aliyeyanywa wala kuyaoga. Tuseme kuna mgao na maji yanatoka nusu tu ya muda, bado ni uniti zaidi ya 21, kwa nyumba ya mzee mmoja na mtoto mmoja. Na kila mtu aliyewahi kupeleka malalamiko ya bili anajua jibu: kikivuja kabla ya mita ni cha mamlaka, kikivuja baada ya mita ni chako.

Bili hiyo inasomwa kwa mzee na mjukuu. Inalipwa na binti Dar es Salaam, naye anajiuliza baba yake anafanyia nini maji yote hayo.

## Usiku presha inapanda

Kuna jambo la kitaalamu kidogo hapa, na bila hilo huwezi kuelewa kwa nini wazee wengi huambiwa wanasingizia.

Maji yetu yanavutwa ziwani, pale Capri Point na siku hizi Butimba pia, yanasafishwa, yanasukumwa hadi kwenye matenki ya vilimani, kisha yanashuka yenyewe kuja majumbani. Kila mita 10 unazoshuka chini ya tenki zinaongeza presha ya bar moja. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tenki inaweza kubeba bar 6 maji yakiwa yametulia. Mchana huioni hiyo presha, kwa sababu mtaa mzima umefungua koki, watu wanafua, mama lishe wanaosha vyombo, maji yanakimbia na nguvu inapotea njiani. Ikifika saa nane za usiku kila mtu amelala, koki zimefungwa, na presha yote inakaa juu ya kile kiungo cha tyubu ya baiskeli.

Ndiyo maana kazi mbovu hufanya vizuri mchana fundi akiwepo, na huachia usiku mzee akiwa peke yake. Asubuhi akimpigia fundi simu, fundi anasema mbona nilipoondoka ilikuwa kavu. Na ni kweli ilikuwa kavu.

Upande wa pili wa shilingi ni mbaya zaidi. Maji yakikatika, bomba linabaki na uwazi ndani, na tundu lililokuwa likitoa maji linaanza kufyonza. Linafyonza kilichopo nje. Kwa mzee, kilichopo nje ni mfereji unaoshuka na maji machafu ya nyumba za juu. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Maji yamesafishwa, yametiwa dawa, yamepandishwa kilima kizima, halafu yanaharibikia hatua chache kabla ya kikombe cha mtu asiyeweza kuona yamebadilika rangi.

## Picha

Nilisita kumpigia binti yake. Hainihusu, nilijiambia, mimi ni muuza duka, na mambo ya baba na mwanawe yana mwenyewe. Mzee ndiye aliyenipa simu, namba imeshapigwa, inaita.

Binti alikuwa mpole, ila amechoka. "Dada yangu, mimi sijakataa kulipa. Nimetuma 85,000. Fundi akanitumia picha, kazi safi. Baba naye, unajua tena wazee, kila kitu kwake kibovu. Wiki iliyopita alisema mlango, kabla yake alisema bati."

Nikamwomba anirushie hiyo picha.

Ilikuwa picha nzuri. Saruji bado mbichi, valvu inang'aa, fundi ameshika spana, anatabasamu. Niliitazama mara nyingi jioni ile nikifunga hesabu za duka, na kila nikiitazama kulikuwa na kitu kinanikera nisichoweza kukitaja. Kisha nikakiona. Nyuma ya bega la fundi kuna koki ya ukutani. Iko wazi. Chini yake imewekwa ndoo, na ndoo ni kavu.

Kila mtu hapa anajua hiyo ndoo. Ni ndoo ya siku ya mgao: unaacha koki wazi ili maji yakirudi uyasikie.

Picha ilipigwa bomba likiwa halina hata tone.

Kwa hiyo binti hakudanganywa na picha ya uongo. Picha ilikuwa ya kweli. Ilionyesha kiungo kikavu, na kiungo kilikuwa kikavu. Nyumba ngapi za wazee hapa mjini, na kule Magu, Sengerema na Ukerewe, zinatengenezwa hivi? Watoto wapo Dar, Arusha, wengine Geita machimboni, wengine nje ya nchi. Wanatuma hela kwa simu, wanapokea picha kwa simu. Anayelipa hatumii maji yale, na anayetumia maji hajalipa. Fundi anajikuta na wateja wawili. Mmoja anaona picha tu na ana hela. Mwingine anaishi na bomba, analijua kwa nyayo zake na vidole vyake, lakini hana hela na neno lake halihesabiwi.

Kazi inakwenda kwa yule wa kwanza.

## Nilidhani ni ujuzi

Fundi huyo namfahamu. Ni mteja wangu, ananunua karibu kila wiki, na sijawahi kugombana naye kwa deni. Kwa miaka yote niliamini kwamba kazi mbovu za bomba zinatokana na vijana waliookota ufundi barabarani, na dawa yake ni shule. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na ina ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anapewa mafunzo ya kujazia na cheti. Niliwahi kuwahimiza mafundi wengi waende. Bado nawahimiza.

Ila huyu cheti anacho.

Na nimeiona kazi yake. Kuna nyumba ya wageni upande wa Isamilo alifunga mfumo mzima, bomba zile za kuchomelea kwa moto. Kazi hiyo haitaki mchezo: mashine ifike nyuzi joto 260, bomba la nusu inchi likae kwenye moto sekunde chache tu, lichomwe kavu, ukishaliingiza usilizungushe. Likizidi moto plastiki inavimba ndani na kuziba njia, likipungua halishiki. Viungo vyake vyote vilikuwa na ile pete ndogo ya plastiki iliyotoka sawasawa pande zote, ishara kwamba mkono ulitulia. Kabla ya kuziba kuta alijaza maji, akapandisha presha kwa pampu ya mkono, akaiacha ilale. Asubuhi akaja na mwenye nyumba wakasoma geji pamoja.

Mikono ileile ilifunga tyubu ya baiskeli Mabatini.

Hapo ndipo maelezo yangu ya siku zote yalipovunjika. Anajua kupima presha usiku kucha. Kwa mzee hakupima hata dakika moja, tena alichagua, au alikubali, siku ambayo hakukuwa na maji ya kupimia.

## Alichosema fundi

Alikuja kununua tepu. Nilimsubiri wateja wapungue, nikamwekea ile valvu kaunta. Aliitambua mara moja.

Nilitegemea abishe. Hakubisha.

"Dada, nisikufiche. Hela ya mzee niliiingiza kwenye kazi ya Isamilo."

Akaeleza. Mwenye nyumba ya wageni halipi kwa wakati. Anasema nunua vifaa, tutahesabiana mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi unasogea. Ukimgomea, kesho ameita fundi mwingine. Kwa hiyo fundi huchukua hela za kazi ndogo, zile zinazolipwa mbele kwa simu, anazinunulia vifaa vya kazi kubwa, akitarajia kwamba akilipwa huko atarudi kuwamalizia wadogo. Kwa mzee aliweka valvu aliyoifungua mahali pengine, akaipaka rangi "ili binti asiwe na wasiwasi." Aliapa kwamba alitaka kurudi.

Namwamini kwamba alitaka. Na ninajua asingerudi.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenye Isamilo asubiri, amalize ya mzee kwanza. Akanitazama kama anashangaa swali.

"Yule ni msumbufu, dada. Mteja msumbufu unamfanyia vizuri ili asikusumbue. Mzee hasumbui."

Niliyatafakari maneno hayo kwa siku nyingi. Alikuwa ananieleza jinsi mji mzima unavyofanya kazi, bila nia mbaya, kama mtu anayetaja bei. Valvu mpya ya mzee ilikuwepo. Ilinunuliwa, labda niliiuza mimi mwenyewe. Imefungwa Isamilo, kwenye nyumba ya mtu mwenye hela, kwa sababu mwenye hela huyo anajua kufoka. Mzee kipofu wa Mabatini amemkopesha tajiri bila kujua, na riba analipa yeye, kwa uniti na kwa nyonga.

Sitaki kumpaka fundi matope yote. Ana watoto, ana kodi, na kazi yake ni ya leo kupata kesho kukosa. Anayechelewesha malipo ya fundi ana mkono wake kwenye bomba la mzee, na watu wa aina hiyo ni wengi, wana heshima zao, wanakaa viti vya mbele. Hata hivyo, kupaka rangi ya fedha juu ya kutu ni jambo aliloamua yeye, peke yake, akiwa amechuchumaa mbele ya mtu ambaye hawezi kumwona.

## Wali na sato

Kuna kitu kingine mzee aliniambia, nikakiacha kwanza kwa sababu kiliniuma.

Siku ile ya kazi alimpikia fundi. Yaani alimtuma mjukuu kwa jirani, akapikiwa wali na sato, fundi akala akashiba. Fundi alipoaga, mzee alimshika mkono akamwombea kwa Mungu. Koki ilikuwa haijatoa tone.

Wazee wetu ndivyo walivyo. Aliyekuja nyumbani kwako kukusaidia ni mgeni, na mgeni hasimamiwi kichwani wala haulizwi "umefanya nini hapo?" Mama zetu wa Kisukuma watakuitikia mwangaluka, watakupa kiti, watakuletea maji ya kunywa kabla hujafungua mkoba wa spana. Kumhoji fundi wanaona ni kumvunjia heshima. Wenye ulemavu wana jambo la ziada, kwani wameshazoea kuambiwa ni wagumu kuridhika, kwa hiyo wanashukuru mapema ili wasionekane mzigo.

Nakataa kwamba adabu hiyo ndiyo tatizo. Ningechukia sana tuwafundishe wazee kuwa wasumbufu ndipo wapate maji. Mtu wa miaka 80 anayemkirimu fundi anafanya kitu sahihi, na fundi aliyekula pale alikuwa na deni kubwa zaidi baada ya kula kuliko kabla. Nchi yetu ina sera ya wazee tangu mwaka 2003, ina sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010. Hakuna kifungu kitakachokaa bafuni na fundi. Usumbufu inabidi ubebwe na mwingine, na kwa mawazo yangu ni yule anayeshika hela.

## Hela ya mwisho

Nilimrudia binti, nikamweleza ile ndoo. Akakaa kimya muda mrefu kwenye simu. Halafu akaomba aongee na baba yake, nami nikatoka nje.

Walichokubaliana kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri. Hela ya vifaa inalipwa moja kwa moja dukani, risiti ya mashine inarushwa kwake, na hapa niseme wazi kwamba mafundi wengi huniomba risiti tupu ya kuandika bei wenyewe, na duka linalotoa risiti hizo linashiriki. Kifaa cha zamani kilichofunguliwa kinabaki nyumbani, fundi haondoki nacho. Kazi inafanyika siku yenye maji. Na hela ya ufundi haitumwi jioni ile. Inatumwa maji yakishalala kwenye bomba usiku kucha, mita isomwe kabla ya kulala na kabla ya koki ya kwanza kufunguliwa, na mzee aseme, kwa mdomo wake, kwamba kazi imekubalika.

Picha zinaruhusiwa. Hazilipiwi.

Fundi aliyekuja ni binti mdogo, amemaliza chuo si muda mrefu. Sikumchagua kwa sababu ni mwanamke, wala kwa sababu ya cheti. Alikubali masharti bila kuguna, wengine wawili waliguna. Alikata lile bomba lililokakamaa lote mpaka kwenye mita, akaweka jipya, na sehemu inayopigwa na jua akaivalisha bomba jingine juu yake. Gundi aliiacha ikauke sawasawa kabla ya kufungulia. Kitu alichofanya ambacho hakuna aliyemwagiza ni hiki: kila alipomaliza kiungo alichukua mkono wa mzee na kuuweka juu yake. "Babu, hiki ni cha kwanza, kinatoka kwenye mita. Hiki cha pili, kona. Hapa ndipo pa kufungia maji yote, zungusha kulia." Mzee akazungusha mwenyewe, akafungua, akafunga tena, akauliza ni mara ngapi inazunguka hadi mwisho. Miaka yote aliyoishi kwenye nyumba ile hakuwahi kuonyeshwa maji yanafungwa wapi.

Asubuhi mita ilikuwa palepale. Mzee alimpigia binti yake, binti akatuma hela.

Fundi wa kwanza ameahidi kurudisha 85,000 kidogo kidogo. Amerudisha sehemu. Mwenye Isamilo, nasikia, bado hajamaliza kulipa.

## Asiyeweza kusema

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna mama mmoja wa mtaa wa Igogo.

Mama huyu alipigwa na kiharusi, yuko kitandani, maneno hayatoki. Wanawe wawili wako Geita. Wiki iliyopita walituma hela, fundi akaja kutengeneza choo, na mdogo wake mama anayemuuguza akanirushia picha aniambie kama kazi ni nzuri. Bakuli jeupe, saruji mpya, kila kitu kinang'aa. Mzee wa Mabatini alikuwa na vidole na sauti. Masharti yote tuliyopanga yanaishia kwa mtu kusema ndiyo au hapana, na huyu mama hawezi kusema lolote.

Nilimwomba mdogo wake afanye jambo moja tu: afunge koki zote usiku, aandike namba za kwenye mita, azisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kwenda chooni.

Namba hazikufanana. Tanki la choo linavuja kuingia bakulini, usiku kucha, bila sauti.

Nimewatumia wanawe zile namba, za usiku na za alfajiri. Mkubwa amejibu kwamba anazuia hela iliyobaki na fundi atarudi siku yenye maji. Mdogo ameniuliza mimi ni nani, na ninataka nini na mama yake. Nimemjibu, nimempa na namba ya mama mdogo wake amuulize. Bado hajasema kitu.